Wazee Wetu na Mambo ya Simu

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya Halmashauri mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Taarifa ya Katibu na hesabu za Mweka Hazina mmekwisha kuzisikia. Sisi tumepewa kazi ya kuzungumza juu ya jambo moja tu, nalo ni hali ya wazee wetu katika siku hizi ambazo karibu kila shughuli hupitia katika simu na mtandao.

Mbele yenu leo kuna shauri lililoletwa na wanachama wa mjini. Wanaomba kwamba kuanzia mwaka ujao matangazo yote ya chama yapelekwe katika kundi la WhatsApp peke yake, na michango yote ilipwe kwa M-Pesa peke yake, na kitabu cha mkusanyaji kifungwe. Waliolileta shauri hili wana sababu njema. Fedha ipitayo katika simu huacha alama yake. Haipotei mfukoni mwa mtu, na Mweka Hazina huweza kuonyesha kila shilingi imetoka kwa nani na siku gani. Hayo yote twayakubali. Lakini kabla ya kuinua mikono, twaomba mtusikilize tueleze ni akina nani watakaobaki nje mlango ule mwingine ukifungwa, na ni hasara gani itakayowapata wao na chama.

Kwanza tuseme wema wa simu, maana si haki kuuficha. Kabla ya mwezi wa Machi 2007, M-Pesa ilipoanza, mwana aliyefanya kazi Nairobi au Mombasa alimpelekea mama yake fedha kwa njia ya posta, au katika bahasha aliyokabidhiwa dereva wa basi, na mama akangoja siku nyingi bila kujua kama bahasha imefika au imeliwa njiani. Leo fedha hufika kabla mwana hajarudisha simu mfukoni. Wataalamu wawili, Tavneet Suri na William Jack, walichapisha utafiti wao mwaka wa 2016, wakaonyesha kwamba huduma hii iliziinua kutoka katika umaskini nyumba zipatazo 194,000 za Kenya. Asemaye kwamba simu haina faida hajui asemalo.

Lakini mambo hayakukomea kwenye fedha. Mwaka wa 2014 serikali ilifungua eCitizen, na kufikia katikati ya mwaka wa 2023 ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimetiwa humo. Mwezi wa Aprili 2021 ulizinduliwa mtandao wa ardhi uitwao Ardhisasa, ukianza na Nairobi. Mwaka wa 2022 wenye simu walitakiwa kuhakikisha kwamba laini zao zimeandikishwa sawasawa, na wazee wengi wakasimama foleni juani kwa hofu ya kuzimiwa. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua mahali pa NHIF, na kila mtu akatakiwa kujiandikisha upya, na asiye na mshahara ajibu maswali juu ya hali ya nyumba yake ili ipimwe atalipa kiasi gani.

Kila jambo katika haya lina sababu yake, na mengine yamepunguza safari na hongo. Hata hivyo, tukiyaweka yote pamoja twaona kwamba katika muda wa miaka chini ya ishirini, mtu aliyezaliwa kabla nchi haijapata uhuru ametakiwa kujifunza njia mpya ya kupokea fedha, njia mpya ya kupata daktari, na njia mpya ya kuulizia shamba lake. Wala hakuna aliyeketi naye kumfundisha.

Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 yatuonyesha ukubwa wa jambo hili. Wakenya walikuwa zaidi ya milioni 47, na kati yao wenye miaka 60 na zaidi walipata milioni 2.7 hivi. Waliotumia intaneti, tangu watoto wa miaka 3 hata wazee, walikuwa 22.6 tu katika kila watu 100. Mijini walikuwa 42.5 katika 100. Mashambani walikuwa 13.7. Miaka imepita tangu hapo, na simu zimeongezeka, lakini tofauti kati ya mji na shamba kila mmoja wenu huiona aendapo nyumbani. Na wazee wetu wengi wako wapi ila mashambani?

Sasa, ni nini kinachowazuia? Wako wanaosema ni ukaidi wa uzee. Sisi hatukubali. Tumetazama, tukaona vizuizi vyenye majina. Macho yenye ukungu hayawezi kusoma herufi ndogo kama mchwa. Kidole kilichokakamaa kwa jembe hugusa mahali pawili pa kioo kwa mara moja. Maneno mengi ya mtandao ni ya Kiingereza. Simu ya kioo yauzwa bei kubwa, nayo hutaka moto kila siku katika nyumba isiyo na umeme. Juu ya hayo yote kuna haraka ya anayefundisha: kijana huinyakua simu, vidole vyake vikacheza kama vya mpiga zeze, kisha akasema, “Nimemaliza, babu.” Babu hakuona kitu, wala kesho hatakumbuka kitu.

Jambo la vidole lina uchungu wake. Tangu karibu mwaka wa 1920 baba zetu walilazimishwa na serikali ya kikoloni kubeba kipande shingoni, chenye alama za vidole vyao, ili wajulikane na kuzuiwa. Leo mzee aliyelima maisha yake yote aweka kidole juu ya mashine ili athibitishwe kwamba ni yeye, na mashine yamkataa, kwa kuwa mistari ya kidole imefutwa na kazi. Kazi ile iliyowasomesha watoto wake ndiyo iliyomwondolea alama. Mahali pa namna hiyo pawe na mtu mwenye macho, atazame kitambulisho na uso, aseme, “Naam, ndiye.”

Mwaka wa 2002, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya uzee uliofanywa Madrid, Shirika la Afya Duniani lilieleza maana ya kuzeeka vema, mtu akiwa bado na shughuli zake. Lilitaja nguzo tatu: afya, kushiriki katika mambo ya watu, na usalama wa maisha. Twapenda kuzipima nguzo hizo tatu kwa hali ya wazee wetu.

Juu ya afya, mzee asiyeandikishwa SHA huenda akafika hospitali akiwa mgonjwa kweli, ndipo aulizwe mambo ambayo hayamo kichwani mwake, na nambari ya simu ambayo ni ya mtoto aliye mbali. Wengine hurudi nyumbani na maradhi yao kwa kuona haya. Kumbe kujiandikisha kungalifanywa siku ya uzima kwa simu ndogo ya vibonye, au kwa msaada wa wahudumu wa afya wa kijijini. Anayechelewa kupata dawa ya presha kwa sababu ya karatasi aliumizwa na karatasi, wala si na presha peke yake.

Juu ya kushiriki, wahenga walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Zamani habari ya msiba ilipelekwa na mjumbe kwa miguu, au ilisikika redioni wakati wa matangazo ya vifo. Redio haikumwuliza mtu nambari yoyote. Aliyekuwa jirani nayo alisikia. Siku hizi watu hukaa katika kundi la simu, hupanga mazishi, huchagua kamati, hugawana kazi, na mzee aliyekuwa akiulizwa kwanza husikia mwisho. Akifika, mambo yamekwisha kukatwa. Hapo hakuna aliyemtukana, lakini ameambiwa kwamba neno lake halihitajiwi. Mtu akiambiwa hivyo mara tatu au nne, huacha kutoka nyumbani, na mwili hufuata moyo. Mwaka wa 2025 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mtu 1 katika kila 6 duniani huteswa na upweke, na kwamba upweke huharibu afya na kufupisha maisha.

Juu ya usalama, hapa ndipo twataka kukaa kidogo, maana ndipo kiini cha maneno yetu kilipo.

Twamjua mama mmoja, mjane, ambaye mwanawe wa mjini humpelekea shilingi 2,000 kila mwezi. Simu ni yake, laini ni yake, lakini nambari ya siri iko kichwani mwa mjukuu. Mjukuu huenda kwa wakala, hurudi na shilingi 1,500, akasema zilizobaki zimekatwa na kampuni. Ada ya kutoa fedha kiasi hicho haifiki hata shilingi 50. Mama hakuwa na njia ya kujua, kwa kuwa ujumbe ulioandika habari zote aliusoma mjukuu, na mjukuu akaufuta. Kwa muda wa mwaka mzima mama alimnung'unikia mwanawe kimoyomoyo, akidhani amepunguza upendo. Shilingi zilizopotea zaweza kuhesabiwa. Upendo uliotiliwa shaka hauhesabiki.

Wako watakaotujibu kwamba hali hii si mpya. Watasema kwamba wazee wa zamani hawakujua kusoma, nao walisomewa barua na watoto wa shule, wakaandikiwa majibu na waandishi waliokaa nje ya posta, na dunia haikuvunjika. Ni kweli, nasi twaheshimu sana kazi ile. Lakini yatazameni vizuri mambo hayo mawili. Barua ilisomwa kwa sauti, mwenyewe akisikia. Akiwa na shaka, alimwita mtoto wa pili aisome karatasi ile ile. Kisha karatasi ilirudi katika sanduku lake, ikakaa humo miaka. Aliyeomba kusomewa barua alitoa siri ya barua moja. Anayetoa nambari yake ya siri ametoa ufunguo wa nyumba, na aliyepewa huweza kuingia usiku na mchana bila kubisha hodi.

Kwa hiyo twasema kwamba hasara kubwa ya mzee haiko katika kukosa simu. Wengi wanazo. Hasara ni kwamba mambo yake mwenyewe, yaani fedha yake, ugonjwa wake na shamba lake, yamepita katika mikono ya mwingine, naye amekuwa mgeni wa shughuli zake. Na msaada ulio wa kweli ni ule unaomwacha mzee akifanya kwa mkono wake, hata akifanya polepole.

Je, mzee aweza kujifunza? Swali hili lilijibiwa katika nchi yetu zamani kidogo. Tarehe 12 Januari 2004, Kimani Maruge, aliyesema ana miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akivaa sare kama watoto. Mwaka uliofuata alisimama New York akiomba dunia iwape watoto maskini elimu ya bure. Alifariki mwaka wa 2009. Ikiwa mtu wa umri huo aliweza kuanza na herufi ya kwanza, hatuoni sababu ya mzee wa miaka 65 kushindwa na hatua tano za kutuma fedha.

Lakini afundishwe jinsi mtu mzima anavyofundishwa. Atafutiwe miwani kwanza. Simu ikae mkononi mwake tangu mwanzo hata mwisho, na mfundishaji mikono yake aiweke nyuma. Afundishwe jambo moja kwa siku moja, kwa lugha aijuayo, naye alirudie mpaka alifanye bila kuambiwa. Hatua ziandikwe kwa herufi kubwa katika daftari lake. Wajizoeze kwa kutumiana shilingi kumi wao kwa wao, maana kosa la shilingi kumi ni mwalimu wa bei rahisi. Achague nambari ya siri ambayo si mwaka wake wa kuzaliwa. Tena aonywe juu ya wezi wa simu. Mtu akipiga na kulia kwamba ametuma fedha kwa makosa, mzee asirudishe chochote kwa haraka. Aangalie salio lake kwanza, na amwambie aliyepiga apeleke madai yake kwa kampuni. Hakuna afisa wa kweli, wa benki wala wa serikali, atakayemwuliza mtu nambari yake ya siri kwa simu.

Lakini hata tukifundisha kwa bidii, wako ambao hawataweza: wasioona, wenye mikono inayotetemeka, wenye kusahau. Hao nao ni wanachama. Katiba ya nchi yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 57, yaiagiza serikali kuhakikisha kwamba wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wanapata utunzaji kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Haikuandikwa humo kwamba haki hizo ni za wenye simu tu. Tena tusisahau ya mwezi wa Julai 2023, eCitizen iliposhambuliwa na wahalifu wa mtandao na huduma nyingi zikakwama. Siku zile hata kijana mwenye simu ya bei kubwa alijua maana ya kufungiwa mlango pasipo mlango wa pili.

Kwa sababu hizo zote, Halmashauri yaweka mbele yenu mashauri haya matano badala ya lile lililoletwa.

Kwanza, michango ikubaliwe kwa M-Pesa kama ilivyoombwa, lakini kitabu cha mkusanyaji kiendelee kuwa wazi kwa kila mwanachama aliyefika miaka 60. Risiti ya karatasi iwe na nguvu ile ile kama ujumbe wa simu.

Pili, kila tangazo litakalotiwa katika WhatsApp litumwe pia kwa ujumbe wa kawaida, libandikwe sokoni na kwa chifu, na lisomwe makanisani na misikitini. Kila mzee asiyeweza kusoma ujumbe apewe kijana mmoja wa chama, jirani yake, atakayempigia au kumwendea siku ile ile. Habari ya msiba isilale.

Tatu, tuanzishe shule ya simu, Jumamosi moja katika kila mwezi, vijana wetu waliomaliza kidato cha nne wakiwa walimu. Gharama yake ni chai, madaftari, na nauli za walimu.

Nne, tufanye agano juu ya nambari ya siri. Yeyote amsaidiaye mzee afanye mzee akiona, amsomee ujumbe wote kwa sauti, amtajie fedha iliyoingia, ada iliyokatwa na salio lililobaki, wala asiufute ujumbe. Atakayeiba katika simu ya mzee ahesabiwe na chama hiki kama aliyeiba katika sanduku la chama.

Tano, Katibu aandikie ofisi za serikali katika kaunti yetu, aombe kwamba mahali popote panapotakiwa mtandao pawe pia na meza na mtu, na panapotakiwa kidole pawe na njia nyingine kwa waliochakaa vidole.

Mwaweza kuuliza gharama ya kuweka njia mbili pamoja. Ipo, hatukatai. Mkusanyaji atahitaji nauli, na Mweka Hazina atakuwa na hesabu mbili za kulinganisha kila mwisho wa mwezi. Lakini chama hiki kilianzishwa na watu waliochanga senti zao kwa mkono ili mgeni mjini asizikwe peke yake na yatima asome. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Tukiwaacha nje waliokianzisha ili tupate wepesi wa kuhesabu, tutakuwa na hesabu safi za chama kingine.

Kwenu Wazee, twasema kwa unyenyekevu: msiseme kwamba mambo haya ni ya vijana. Fedha ni yenu, na maradhi ni yenu. Ombeni kufundishwa, na mfundishwaji asione haya kuuliza mara ya kumi. Kwenu vijana twasema: hao waliwashika mkono mkijifunza kutembea, wala hawakuwanyanyua na kukimbia nanyi kwa kuwa mlikuwa wapole wa mwendo. Walipeni kwa subira ile ile.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo maneno ya Halmashauri. Twaomba yapigiwe kura leo, wazee wakiwapo, na mikono yao ihesabiwe kwanza.